Mama anakuja London: Lion King, Les Misérables, Phantom au Hamilton?

MwanaTanga
Wadau habari zenu, na wakubwa shikamooni. Naomba ulinganisho wa watu waliokaa ukumbini wakaona wenyewe, matangazo nimeshayasoma yote.

Mama yangu anakuja mwezi wa saba kutoka Tanga, anakaribia miaka sabini. Ni mtu wa taarab tangu usichana wake, enzi za vikundi vya Black Star na Lucky Star pale kwetu, na mpaka leo fidla ikilia redioni husahau chungu jikoni. Nataka nimpeleke kwenye tamthilia ya muziki, moja tu, kwa sababu tiketi tatu za London ni pesa nzito. Wa tatu ni binti yangu wa miaka 15. Nyimbo za Hamilton anazo zote kichwani, na ameshatamka kwamba kama si hiyo, yeye anabaki nyumbani.

Kiingereza cha mama ni cha dukani na hospitali. Magoti yanamsumbua, ngazi nyingi hapana. Mimi nimeona Lion King, nikashangaa, na Phantom of the Opera, nikalia. Les Misérables na Hamilton sijaziona. Mngekuwa nyinyi mngempeleka wapi?

Somoe_Leyton
Lion King, dada, wala usizunguke. Lakini kata viti vya ukumbi wa chini, na mama akae pembeni kabisa, kwenye kiti kinachopakana na njia ya kupitia. Hapo ndipo pesa yako itakapofanya kazi.

Taa zikizima anatokea mwanamke mmoja, ndiye Rafiki, anapaza sauti kwa Kizulu peke yake. Anajibiwa kutoka pembeni mwa ukumbi. Jua linapanda, twiga wanaingia polepole, nao ni watu waliopanda mironjo ya miguu na ya mikono, shingo ya twiga imesimama juu ya kofia. Halafu unasikia kitu nyuma yako. Wanyama wengine wanashuka kwa kupita katikati ya watazamaji. Tembo alinipita karibu mno, nikaona viatu vya wachezaji waliokuwa ndani ya miguu yake na jinsi wanavyohesabu hatua pamoja ili mwili usiyumbe. Mama mmoja wa Kizungu mstari wa mbele yangu alikuwa analia, na hadithi haijaanza.

Julie Taymor, aliyeongoza mchezo huu, hakutaka kuwaficha watu. Kinyago kinakaa juu ya kichwa, uso wa mwigizaji unauona chini yake, kwa hiyo unamtazama mnyama na mtu kwa wakati mmoja. Mwaka 1998 alipata tuzo ya Tony ya uongozaji wa tamthilia ya muziki, mwanamke wa kwanza kuipata. Na kwaya ni kazi ya Lebo M wa Afrika Kusini. Mama yako hatahitaji Kiingereza kwa sehemu kubwa ya kipindi cha kwanza.

FidlaUnguja
Somoe, yote uliyosema ni kweli, ila umejibu kuhusu macho. Mtu wa taarab huenda kusikiliza. Ukimpeleka mama Lion King atafurahi, atasifu, na wiki ijayo atakuwa anasimulia habari za tembo. Wimbo gani atautia moyoni?

Mimi napiga fidla, nimejifunza Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi pale Mji Mkongwe, na nasema Phantom. Tazama kisa chenyewe: mwanamume anayeficha uso, mwimbaji kijana anayempenda mwingine, wivu, siri, na sauti inayomvuta mtu kuliko sura. Mama yako amesikiliza mambo hayo hayo miaka yote. Maneno hayatamsumbua, maana muziki unarudia. Kila mtu na kila jambo lina sauti yake, na vinanda vikubwa vya mwanzo vikirudi unajua nani amekaribia hata kabla pazia halijatikisika.

Kuna jambo linaloniuma na lazima niliseme ili ukate tiketi ukijua. Mchezo huu ulianza London Oktoba 1986 kwenye ukumbi huu huu, leo unaitwa His Majesty's. Ulipofunguliwa tena mwaka 2021 baada ya korona, okestra ilipunguzwa kutoka wapigaji 27 hadi 14. Sisi wa ala tunausikia upungufu huo. Mahali palipokuwa na kundi la fidla sasa spika zinajazia. Bado naupendekeza, kwa sababu waimbaji ni wa kweli na taa ile kubwa ya vioo ikipandishwa juu ya vichwa vya watu huku okestra inanguruma, mwili unasisimka.

WaLimuru
Hamjambo. Mimi ni wa Kenya, nafanya kazi za jukwaani huku. Nitasema ninavyoona, Somoe asinikasirikie.

Lion King ilinifurahisha na ikanitia mashaka jioni hiyo hiyo. Kizulu hapa, Kiswahili pale, vivuli vya ukutani vya mtindo wa Indonesia, mbuga isiyo na nchi, vyote vimeunganishwa vikaitwa Afrika. Anayetoka Afrika Mashariki anaweza kujisikia mgeni ndani ya jambo linalodai kuwa lake. Ubunifu wa mikono ni mkubwa mno, huo siukatai.

Kuhusu Hamilton: usimpeleke mama. Ina maneno zaidi ya 20,000, karibu yote ya kuimbwa au ya kufokafoka, na mambo ya siasa za Marekani ya karne ya 18, nani alimwandikia nani barua, nani anadaiwa. Mimi naongea Kiingereza kutwa na bado kulikuwa na nyimbo zilizonipita. Binti yako lakini ana haki yake. Mtoto wa miaka 15 aliyeshika maneno yote kichwani si mtu wa kumlazimisha akaangalie simba. Kuna bahati nasibu ya tiketi za bei ya chini ya Hamilton, ukumbi wa Victoria Palace, ajaribu kila wiki. Ile filamu ya onyesho la New York lililopigwa mwaka 2016 haiwezi kukaa nafasi ya kuketi humo ndani, maana kamera inakuchagulia pa kutazama. Ukumbini jicho linakwenda linakotaka: wachezaji wa nyuma hawatulii, na mengi wanayasema kwa miili yao.

Somoe_Leyton
Sikukasirika, kaka. Ila waimbaji kutoka Afrika Kusini wamo humo, na Kizulu chao si cha kuigiza. Mimi mtoto wa Kilwa nilisikia kwaya ile ikiingia na sikujisikia mgeni hata kidogo. Labda ni kwa sababu sikwenda kutafuta nchi, nilikwenda kusikiliza sauti za watu wengi zikipanda pamoja.

MzeeWaIlala
Wanangu, mnabishana vizuri, lakini hakuna aliyegusa jambo litakalomshangaza bibi huyo kuliko yote: namna ya kukaa.

Mimi nimekulia kwenye maonyesho ya vikundi vya sanaa, Muungano na baadaye TOT (Tanzania One Theatre), Dar es Salaam, miaka ya themanini na tisini. Unalipa kiingilio kimoja, unapata ngoma, sarakasi, igizo, halafu taarab ya kufungia. Khadija Kopa yuko TOT, Nasma Khamis yuko Muungano, na mashabiki wamegawanyika kama Simba na Yanga. Wimbo ukimgusa mtu, ananyanyuka, anakwenda mbele kwa mwendo wa kujionyesha, anamtunza mwimbaji, na akirudi anampitia makusudi yule aliyekusudiwa ujumbe. Mtazamaji naye ni sehemu ya mchezo. Bila kutunza, mwimbaji hajui kama amefika.

Nilipokuja huku nikapelekwa Les Misérables na wakwe zangu. Watu elfu moja kimya. Mwanamke anaimba anakufa mikononi mwa mtu, moyo umenijaa, na sina la kufanya ila kukunja mikono. Wimbo ukiisha ndipo wanapiga makofi, na makofi yenyewe yana mahali pake. Mwanzo niliona ni ubaridi. Baadaye nilimtazama mzee aliyekaa kando yangu, ameng'ata midomo, machozi yanashuka hadi kwenye kola na hayafuti. Nikaelewa kwamba wanatunza kwa kunyamaza.

Lakini na wao hawajakubaliana. Aprili 2023, Palace Theatre ya Manchester, onyesho la The Bodyguard lilikatishwa kabla halijaisha kwa sababu baadhi ya watazamaji walikuwa wanaimba kwa nguvu juu ya sauti ya mwigizaji, na polisi wakaitwa. Wengine wakasema waliolipa wana haki ya kuimba, wengine wakasema hawakulipa ili wamsikilize jirani. Kwa hiyo, binti yangu, mwambie mama mapema. Akipiga kigelegele mwisho wa wimbo, hakuna ubaya. Katikati, watageuza shingo.

WaLimuru
Shikamoo mzee. Umenikumbusha Kamĩrĩĩthũ, kwetu Limuru, mwaka 1977. Ngaahika Ndeenda, igizo la Kigĩkũyũ la Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩrĩĩ, ilifanyiwa mazoezi hadharani, na wanakijiji waliokuja kutazama walikuwa wanarekebisha: huyu mzee hawezi kusema hivi, wimbo huu wa arusi hauimbwi hivyo. Serikali iliifunga baada ya wiki chache. Mwezi wa tano 2022 ikarudi katika ukumbi wa taifa Nairobi, zamu za Kiingereza na zamu za Gĩkũyũ, na waliotazama zote mbili wanakuambia zamu za Gĩkũyũ ukumbi ulikuwa unaitikia nyimbo. Igizo ni lile lile, watazamaji ndio waliolibadilisha. Ndiyo maana nasema swali la mama yako lina uzito: lugha ikimkaa vizuri atashiriki, isipomkaa atatazama tu.

Kabwe_Paris
Wandugu, mbona Les Misérables mnaipita haraka? Mimi ni mtu wa Lubumbashi, niko Paris, na hiyo nimeiona London na nimeiona hapa.

Watu wanafikiri ni hadithi ya Waingereza. Ilianza hapa, kwa Kifaransa, mwaka 1980 katika Palais des Sports. London waliichukua mwaka 1985, wakosoaji wengi wakaiponda, na watu wakapanga foleni ya tiketi hata hivyo. Mwishoni mwa 2024 ilirudi Paris, ukumbi wa Châtelet, kwa Kifaransa.

London ya zamani jukwaa lilikuwa linazunguka. Kizuizi cha barabarani cha wale wanafunzi, meza na viti na magurudumu vilivyorundikwa, kinageuka polepole baada ya risasi kunyamaza, na upande wa pili unamwona kiongozi wao ananing'inia kichwa chini, bendera nyekundu chini yake. Hakuna neno linaloimbwa. Muziki tu. Siku hizi, pale Sondheim Theatre, jukwaa la kuzunguka limeondolewa, wameweka picha za ukutani zilizotokana na michoro ya Victor Hugo mwenyewe, aliyeandika riwaya ya kisa hiki. Vijana wanaipenda hii mpya kwa kasi yake. Mimi nalilia lile duara.

Kwa mama: inachukua karibu saa tatu, karibu yote inaimbwa, na matukio yanaruka miaka. Ukimsimulia hadithi nyumbani siku mbili kabla, tena kwa utulivu, atafuata kila kitu. Mkate ulioibwa, mtoto anayeteswa na walezi, baba asiyemzaa. Hiyo bibi gani wa Tanga hataielewa?

FidlaUnguja
Kabwe, kwa sauti za pamoja nakubali, mwisho wa kipindi cha kwanza wanapoimba makundi yote, kila moja na maneno yake, hakuna nyingine kati ya hizi nne inayoifikia. Lakini saa tatu kwa magoti yale?

MzeeWaIlala
Na ngazi. Kumbi hizi nyingi zina zaidi ya miaka 100, viti vya bei nafuu viko juu kabisa na ngazi zake ni za wima. Usikate ghorofa ya juu kwa ajili ya bei. Piga simu ukumbini kabla ya kulipa, uliza mahali ambapo mtu asiyeweza ngazi anaingilia. Wana watu wa kazi hiyo, na mara nyingine wana viti vilivyotengwa.

MwanaTanga
Nimesoma yote nikamsomea na binti yangu, na jana nikampigia mama. Nilimweleza hadithi zote tatu kwa Kiswahili, bila kumwambia nani amependekeza nini. Ya Les Misérables ilimshika, akauliza kama yule mtoto anapona. Ya Phantom akasema mwanamume wa kujificha hivyo ana visa, lakini aliendelea kuniuliza habari zake. Ya Lion King alicheka, akasema simba amewasikia sana Handeni.

Kwa hiyo ni Phantom kwa mama na mimi, onyesho la mchana, ukumbi wa chini. Binti ameanza bahati nasibu ya Hamilton na ataenda na mwenzake wa shule, pesa ya kiti chake cha tatu nimemwekea. FidlaUnguja, upande gani niketi ili mama awaone wapiga fidla?

FidlaUnguja
Okestra iko shimoni mbele ya jukwaa, kwa hiyo mstari wa kwanza au wa pili unawasikia lakini huwaoni vizuri. Kama magoti yataruhusu kupanda kidogo, ghorofa ya kwanza mbele, katikati, ndiyo unamwona kiongozi wa okestra na mikono yake. Kama hayataruhusu, chini, mistari ya katikati, na wakati wa mapumziko msogee naye hadi ukingoni mwa shimo. Wapigaji wengine hubaki wakilegeza nyuzi. Mwache mama awasalimie.

Somoe_Leyton
Haya, ila simba wa Handeni hawaimbi. Akirudi mwakani, mlete Lyceum, ukumbi wa Lion King.