Utafiti wa uzamivu unatokaje maabara?

Swali: Wakuu, habari. Nipo Arusha, nasoma uzamivu. Naondoa floridi, madini yanayotia meno kahawia yakizidi, kwenye maji ya kisima kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Maabara nashuka chini ya kikomo cha WHO, miligramu 1.5 kwa lita, ila kijijini watoto bado meno yao ni ya kahawia. Kuandika makala nimefundishwa. Kuongoza mradi, sijafundishwa. Nianzie wapi?

Jibu: Mkuu, mtazame Dkt. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela, hapo hapo Arusha. Chujio lake la maji lilishinda Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Kihandisi mwaka 2015.

Jibu: Mdogo wangu, nasimamia wanafunzi wa uzamili na uzamivu, na hili linaniuma. Nenda kwa jumuiya ya watumia maji kabla ya kwenda kwa wafadhili. Kaa kisimani alfajiri na akina mama. Uliza mkaa ukichoka, yaani usiponasa tena floridi, nani ataubadilisha, kwa hela ya nani, na ule wa zamani utatupwa wapi. Halafu mwombe msimamizi wako akukabidhi bajeti, hata ya kemikali tu, na kijana mmoja wa kumwelekeza. Wasimamizi wengi tunashika kila kitu wenyewe, kisha tunashangaa daktari mpya hajui kuendesha kikao.

Jibu: Kama una kitu kipya kweli, ulizia hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, kwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kabla hujachapisha.

Muuliza swali: Asanteni sana. Dada, hilo la mkaa uliochoka sikuliwaza kabisa. Jumamosi naenda kisimani.