Tuliopo Mwanza tupande mlima gani mwanzoni mwa Machi?

Mkazi wa Kirumba

Habari zenu ndugu zangu. Sisi ni watu sita, wote chini ya miaka arobaini, na tumepata likizo ya pamoja kuanzia tarehe 1 hadi 8 Machi. Tungependa kuitumia kupanda mlima mmoja kwa utulivu, bila kukimbizana na ratiba. Wawili kati yetu wamewahi kufika kambi ya Mandara, kule Kilimanjaro, kwa njia ya Marangu. Sisi wengine hatujavuka majabali ya Capri Point hapa mjini. Kilimanjaro tumeuweka kando kwa sababu ya gharama, kwa hiyo imebaki milima mitatu: Meru wa Arusha, Ol Doinyo Lengai, na Hanang, ambao uko njiani kabisa kwa anayetoka huku kwenda Arusha kupitia Singida.

Kinachotutatiza ni mvua. Wiki hii hapa mjini imenyesha alfajiri mara tatu, tena kwa radi, na mwenzetu mmoja anasisitiza kwamba masika yameshaingia na tuahirishe hadi Juni. Je, yuko sahihi? Na kama hana, kati ya milima hiyo upi unafaa zaidi kwa tarehe zetu? Binafsi naelekea Hanang kwa kuwa ndio ulio karibu.

Mzee wa Nyegezi

Mwanangu, usiipime mvua ya Arusha kwa mawingu ya ziwa letu. Usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko maji, upepo hutoka pande zote kuelekea ziwani, hewa yenye unyevu hupanda juu pale katikati, na ndiyo maana mara nyingi radi zetu huja usiku wa manane au alfajiri. Hiyo ni mvua ya ziwa, na haisemi lolote juu ya mlima ulio mbali upande wa mashariki. Kule milimani mambo huenda kinyume: asubuhi huwa kweupe, mawingu huanza kujikusanya jua likipanda, na mvua ikija huja mchana au jioni. Kwa hiyo mpandaji hutembea mapema na kupumzika mapema.

Sasa kuhusu Hanang. Ninaupenda mlima ule, nimeupanda mara mbili kwa njia ya Jorodom, na bado nakushauri usiuchague kwa mwezi huo. Umbali unakudanganya. Katesh, mji ulio chini ya mlima huo, inapakana na ukanda wa Singida, ambako mvua za msimu huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili, hivyo ifikapo Machi udongo wa mlima unakuwa umekwisha kunywa maji kwa miezi minne. Meru uko kwenye ukanda wa vuli na masika. Januari na Februari kwa kawaida huwa vikavu, na mvua kubwa huja kuanzia katikati ya Machi na kuzidi Aprili. Wewe una siku nane za mwanzo wa mwezi. Mlima ulio mbali zaidi ndio utakaokuwa na ardhi ngumu zaidi.

Hanang ukilowa ni mlima mwingine kabisa. Mteremko ni mkali, udongo unashika kiatu kama ugali wa moto, na kushuka kunachosha magoti kuliko kupanda. Tena kuna kilele cha kwanza kinachowadanganya wengi: ukifika pale unadhani umemaliza, kumbe kilele chenyewe, chenye zaidi ya mita 3,400, kiko mbele kwenye ukingo mrefu unaopigwa na upepo. Wageni wengi huishia pale wakiwa wameloa na kuchoka. Na sote tunakumbuka tarehe 3 Desemba 2023, pale sehemu ya mlima huo yenye miamba dhaifu ilipofyonza maji ikameguka, na tope likashuka hadi Katesh na kuua watu zaidi ya 80. Simaanishi kwamba kila mvua italeta maafa. Namaanisha kwamba mlima ule unastahili kuendewa ukiwa mkavu. Nenda Septemba, utanishukuru.

Dereva wa Buzuruga

Naunga mkono maneno ya mzee. Kuhusu Lengai nitasema kwa kifupi: una mita 2,962 tu, lakini watu huanza kuupanda usiku wa manane kukwepa jua, mteremko wake ni majivu na mawe yanayoteleza, na mvua huchimba makorongo katika njia. Kwa watu ambao wengi wao hawajawahi kupanda mlima, si mahali pa kuanzia, hata wakati wa kiangazi.

Muuguzi wa Nyakato

Ndugu yangu wa Kirumba, mimi nimepanda Meru mwanzoni mwa Machi pamoja na wenzangu watatu, na sababu yangu ya kuupendekeza ni jinsi njia yenyewe inavyougawa mwinuko. Ziwa letu liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo hatuanzi sifuri, lakini mwili wa mtu wa Mwanza haujazoea chochote cha juu ya mita 2,500. Kutoka Momella, lango la hifadhi, siku ya kwanza unalala kambi ya Miriakamba, mita 2,514. Siku ya pili unalala kambi ya Saddle, mita 3,570. Na mchana huo huo, kama una nguvu, unapanda Meru Mdogo, kilele kidogo cha jirani, hadi mita 3,820 kisha unarudi kulala chini. Kupanda juu na kulala chini kunausaidia mwili sana. Usiku unaofuata ndipo unakwenda kileleni, mita 4,566. Kote huko unalala ndani ya banda lenye paa na kitanda, jambo ambalo hutalithamini hadi mvua ya jioni ikukute.

Chukueni siku nne, si tatu. Maumivu kidogo ya kichwa na kukosa hamu ya kula ni jambo la kawaida, na mtu anaweza kupumzika palepale bila kupanda zaidi. Lakini mwenzenu akianza kuyumba kama mlevi, akaongea maneno yasiyoeleweka, au akahema kwa shida hata akiwa amekaa, mshusheni saa ileile, hata kama ni usiku na hata kama kilele kinaonekana. Msisubiri kuche. Naliandika hili kwa msisitizo kwa sababu katika kundi letu mmoja aliyumba, akakana kwamba anaumwa, na tulipoteza karibu saa nzima tukibishana naye badala ya kumshika mkono na kushuka. Alipofika Miriakamba alikuwa mzima.

Mama wa Igoma

Wanangu, nami niongeze la mavazi. Joto hupungua takriban nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 unazopanda, na kilele cha Meru kiko zaidi ya mita 3,400 juu ya ziwa. Fanyeni hesabu hiyo na alfajiri yetu ya nyuzi 20, mtaona kwamba maji yanaweza kuganda juu ya jiwe. Mimi nilikwenda na suruali ya jinzi na fulana za pamba. Wakala aliyetupeleka alituahidi makoti, tulipofika langoni makoti yakawa mawili kwa watu watano. Pamba ikilowa haikauki, inakunyonya joto la mwili hadi unashindwa kufunga kamba za viatu.

Nendeni mitumba ya Mlango Mmoja, tafuteni masweta mepesi ya manyoya ya polista (fleece), maana hayo hata yakilowa unayakamua na kuvaa. Koti la mvua lijaribiwe nyumbani chini ya bomba. Viatu vivaliwe wiki tatu kabla, na mazoezi msiende kuyatafuta mbali: pandeni vilima vya Mabatini au Igogo, ambako akina mama wanapandisha ndoo za maji kila siku.

Mkazi wa Kirumba

Shikamoo mzee, shikamoo mama, na asanteni nyote. Nimewasomea wenzangu, na hata yule wa Juni amekubali. Tumeamua Meru, siku nne. Swali moja limebaki: tukikuta mvua kubwa usiku wa kwenda kileleni, tuamue vipi?

Muuguzi wa Nyakato

Msikilizeni askari wa hifadhi mtakayetembea naye; yeye hubeba bunduki kwa ajili ya nyati, lakini njia pia anaijua. Baada ya Saddle kuna sehemu ya mwamba mtupu kwenye ukingo wa kreta, lile shimo la volkano, na mwamba huo ukiwa na maji au barafu nyembamba ni hatari. Akisema msubiri, subirini. Mkizuiwa kabisa, pandeni Meru Mdogo kukicha. Kukiwa kweupe, kutoka pale Kilimanjaro unaonekana wote. Na bebeni vitambulisho vya taifa, maana raia hulipa kiingilio cha chini.

Mzee wa Nyegezi

Marahaba mwanangu. Siku moja ya akiba iwekeni mwanzoni, Arusha, si mwishoni. Safari ya basi kutoka hapa inachosha, na mtu asiyelala vizuri huumwa upesi akifika juu.