Nani aandikwe kwa lipi: waasisi wa mipambano ya ma-DJ wa hip hop

SanturiMbili
Habari wakuu. Naandaa mabango ya maonyesho kuhusu mipambano ya ma-DJ wa hip hop, bango moja kwa kila mbinu, na kila moja litaje mwasisi. Nimekwama kwenye majina. Kool Herc anapewa karibu kila kitu. Skrachi (kusugua santuri mbele na nyuma chini ya sindano ili itoe mlio) wengine wanampa Grandmaster Flash, wengine Grand Wizzard Theodore, wengine D.ST. Transfoma (kukatakata mlio wa santuri inayoburutwa) nayo ina majina matatu. Nafasi ni maneno kama 40 tu kwa bango. Niandike vipi bila kumdhulumu mtu?

Mzunguko33
Mkuu, kinachokusumbua ni hilo neno "mwasisi". Kuna aliyeanza, kuna aliyeitia usahihi, kuna aliyeipandisha jukwaani, kuna aliyeifikisha kwa wasikilizaji wa mbali. Mara nyingi hao ni watu tofauti, na ukiwabana kwenye neno moja lazima mmoja aporwe.

Herc: sherehe ya 11 Agosti 1973, 1520 Sedgwick Avenue, Bronx, New York. Sherehe hiyo iliandaliwa na dada yake, Cindy Campbell, kwa hiyo jina lake liwepo. Cha Herc ni wazo la kurefusha kile kipande cha ngoma tupu kwa kuhama kutoka santuri moja hadi nyingine. Lakini alikuwa anashusha sindano kwa kukadiria kwa jicho, na mapigo hayakuungana sawasawa.

Hapo ndipo Flash anapoingia. Alichora alama kwenye santuri, akahesabu mizunguko ya kurudisha nyuma, akasikiliza kwanza kwenye hedifoni kabla ya kuachia sauti. Fanya hesabu uone uzito wake: santuri ya 33⅓ humaliza mzunguko kwa sekunde 1.8. Wimbo ukiwa na mapigo 100 kwa dakika, kila pigo ni theluthi ya mzunguko. Kipande cha mapigo 8 kinataka urudishe mizunguko 2 na theluthi mbili. Ukirudisha 3 kamili, umeangukia pigo moja kabla na wachezaji wote wanasikia. Bila alama, kurudia hivyo mara kumi mfululizo ni bahati nasibu.

Skrachi andika Theodore, Bronx, katikati ya miaka ya 1970. Usiweke mwaka mmoja, maana masimulizi yanatofautiana. Flash anachanganywa naye kwa sababu kaka yake Theodore, Mean Gene, alikuwa akifanya kazi na Flash. D.ST ndiye anayesikika kwenye "Rockit" ya Herbie Hancock, 1983, na wengi duniani walikutana na skrachi hapo kwa mara ya kwanza. Hiyo ni sifa kubwa inayojitosheleza. Si uvumbuzi.

Krosifeda_Wazi
Naunga mkono, ila bango la Herc lisiseme alianza kuunganisha santuri mbili. Grandmaster Flowers wa Brooklyn alikuwa akifanya hivyo kabla yake.

Transfoma ni ya Philadelphia: DJ Spinbad, Cash Money na Jazzy Jeff. Spinbad hutajwa kuwa wa kwanza, Cash Money aliinoa, na hao wawili wa mwisho ndio waliotamba nayo mashindanoni. Jazzy Jeff alishinda mpambano wa ma-DJ wa New Music Seminar, New York, 1986, na Cash Money akatwaa ubingwa wa DMC, mashindano ya dunia ya ma-DJ, 1988. Ukitaja washindi tu, Spinbad anafutika. Ndivyo historia ya mipambano inavyopotoka: kombe lina kumbukumbu, chumba cha mazoezi hakina.

Eleza pia mbinu yenyewe, la sivyo msomaji ataichanganya na flea, mbinu nyingine ya skrachi, ya DJ Flare. Kwenye transfoma krosifeda (kitelezi cha kufungua na kufunga sauti ya kila santuri) huanza ikiwa imefungwa, unaifungua kwa vipigo vifupi huku mkono ukiburuta santuri taratibu. Kwenye flea huanza ikiwa wazi, unaifunga na kuifungua katikati ya mwendo, hivyo kipigo kimoja kinakata sauti kuwa mbili. Q-Bert aliieneza sana flea, na watu wakadhani ni yake. Yake ni kaa, ile ya vidole kugonga krosifeda kwa zamu dhidi ya kidole gumba.

Mzunguko33
Na kwa DMC, usisahau 1986. DJ Cheese ndiye aliyeingiza skrachi kwenye fainali za dunia na kushinda. Mwaka uliotangulia yalikuwa mashindano ya kuunganisha nyimbo.

Jagling ya biti (kuunda mdundo mpya kwa kuchezesha santuri mbili kwa zamu): Steve Dee wa Harlem, mwishoni mwa miaka ya 1980. Kundi lake, X-Men, baadaye likaitwa X-Ecutioners. Roc Raida wa kundi hilo alishinda DMC 1995, ndiyo maana anapewa mbinu ambayo aliikuta.

SanturiMbili
Asanteni sana. Rasimu ya transfoma: "Ilivumbuliwa na Cash Money, Jazzy Jeff na Spinbad, Philadelphia, miaka ya 1980."

Krosifeda_Wazi
Mpangilio huo unamrudisha Spinbad mkiani. Andika: "Ilizaliwa Philadelphia, miaka ya 1980. DJ Spinbad hutajwa kuwa wa kwanza kuifanya. Cash Money aliiboresha. Yeye na Jazzy Jeff waliitangaza kupitia mashindano." Hayo hayafiki maneno 25, kwa hiyo maelezo ya krosifeda yataenea chini yake.