Tupeane uzoefu: nyumba ya kununua Tanga ili uiendeleze, ulichunguza nini kabla hujatoa hela?

Mwana Ngamiani

Assalam aleykum wadau, habari za masika. Naomba wale mlionunua nyumba hapa Tanga kwa nia ya kuongeza kitu, iwe vyumba vya uani, fremu au ghorofa, mtuambie mlikagua nini na kipi mlikipata mmeshalipa.

Naanza mwenyewe. Mwaka juzi nilinunua nyumba ya Kiswahili Ngamiani, ile ya kawaida tu, korido katikati, vyumba vitatu huku vitatu huku, choo na jiko uani. Hesabu zangu zilikuwa juu ghorofa chini fremu maana barabara iko mlangoni kabisa. Nyumba ilikuwa na plasta mpya na rangi inanukia, mi nikaridhika. Hela imetoka ndo nampeleka fundi, mzee mmoja mtaratibu, hakusema neno, akatoa msumari wa nchi nne akausukuma ukutani pembeni ya dirisha kwa mkono mtupu, hana nyundo, ukazama wote. Alivyouchomoa ukamwagika udongo mwekundu laini kama unga hadi kwenye viatu vyangu. Nyumba nzima fito na udongo, imevishwa saruji unene wa kidole. Akanitazama akasema "mwanangu hii haibebi hata tangi la maji".

Basi ikawa nimenunua kiwanja kwa bei ya nyumba. Na uani ukikanyaga panalia kama ngoma, kumbe kuna mashimo mawili ya vyoo vya zamani yamefunikwa zege, kwahiyo hata vile vyumba vya nyuma msingi wake itabidi uanze kwa kufukia. Iliniuma sana jamani, ile ilikuwa hela ya miaka tisa.

Sasa nimeoneshwa nyingine Makorora, ya tofali safari hii, eneo la nyuma kubwa. Sitaki kurudia. Karibuni.

Kijana wa Sahare

Pole sana kaka. Yangu mimi ni bahari. Nilienda kuiona nyumba maji yamekupwa, ufukwe uko mbali huko, nikaona hapa nyuma naweka vyumba vinne vya wageni. Nimeanza kufuatilia kibali cha ujenzi naambiwa nirudi na mpimaji, tukaenda siku ya bamvua, maji yakiwa yamejaa kuliko kawaida, akavuta tepu kuanzia maji yalipofika. Sheria ya Mazingira ya 2004 hairuhusu ujenzi wa kudumu ndani ya mita 60 toka ufukweni, na uani kwangu kote kumo ndani ya hizo 60. Nyumba yenyewe imesimama toka zamani lakini kuongeza hata choo sipewi. Aliyeniuzia alijua, maana majirani waliniambia baadae na yeye alishawahi kuomba akakataliwa. Kwahiyo muulize muuzaji mwenyewe kwanini yeye hajaongeza miaka yote hiyo, halafu nyamaza umsikilize.

Na kisima pia, onja maji. Yangu ni chumvi, fundi aliyatumia kukorogea zege la ukuta wa uzio na sasa nondo zinavimba kwa kutu, zege linabanduka vipande.

Mzee wa Lori

Mi nipo Kange, naongea kifupi. Nilinunua nyumba ikitazama barabara kuu inayokwenda Segera, nikaona mbele pale fremu tano. Barabara kuu hifadhi yake, yaani eneo la barabara usiloruhusiwa kujenga, ni mita 30 kila upande ukipimia katikati ya barabara, zamani ilikuwa 22 na nusu, Sheria ya Barabara ya 2007 ndo iliongeza. Pale mbele nilipopapenda ndo hapo hapo pa hifadhi. Nimebaki na uwanja wa kuegesha lori.

Mpimaji_TA

Nawasoma kwa uchungu maana haya nayaona kila wiki. Kaka Mwana Ngamiani, hiyo ya Makorora kabla ya chochote omba namba ya kiwanja na kitalu, nenda ofisi ya ardhi waombe wakuoneshe mchoro wa mipango miji na ramani ya upimaji. Hapo utaona matumizi, kama ni makazi peke yake au makazi na biashara, maana fremu kwenye kiwanja cha makazi tupu itakubidi uombe kubadilisha matumizi na si kila mtaa unakubaliwa. Kuna viwanja vinauzwa kumbe kwenye mchoro ni njia au eneo la wazi. Halafu fanya upekuzi kwa Msajili wa Hati ujue jina lililopo na kama kuna mkopo wa benki juu yake. Soma na muda wa hati, inatolewa kwa miaka 33, 66 au 99, wengine wanauza ikiwa imebaki miaka saba na mnunuzi hajageuza ukurasa. Mwisho tafuteni bikoni zote, yale mawe ya mipaka ya kiwanja, kwa macho, mkiwa na jirani.

Na huko Chongoleani madalali wanauza kwa jina la bomba la mafuta. Bomba ni kweli, linatoka Hoima Uganda kama kilometa 1,443, ila kiwanja ambacho hakijapimwa hakiwezi kupata kibali eti kwa vile tu bomba liko jirani.

Bi Mkubwa Mikanjuni

Wanangu poleni. Mimi yangu ilikwenda vizuri alhamdulillah, na nitawaambia kwanini. Nilikataa kuiona nyumba kiangazi. Nilikwenda masika siku ya tatu ya mvua, tena sikuingia ndani, nilianza kwa jirani. Ukuta wake wa nyuma ulikuwa na mstari wa ukungu wa kijani usawa wa goti langu, umenyooka kama uliopigwa kwa rula. Nyumba ile nikaiacha. Dalali alikasirika, mie nikamwambia baba hasira ni zako goti ni langu.

Ya pili ilikuwa pakavu. Nikapima kichochoro, nikamwita na mtu wa gari la kunyonya majitaka aniambie kama litafika, maana ukiongeza vyumba vitatu vya wapangaji chemba inajaa upesi na gari lisipofika utafanyaje? Akasema linafika. Nikamtaka na mke wa muuzaji aje asaini, nyumba ya ndoa haiuzwi bila ridhaa ya mwenzake, Sheria ya Ndoa ya 1971 imesema. Leo nina vyumba vitatu na kodi yake ndo inasomesha mjukuu.

Mwana Ngamiani

Ahsanteni sana, Mungu awalipe. Bi Mkubwa shikamoo. Usiku wote imenyesha na hapa bado inanyesha, nimempigia dalali tukutane Makorora saa mbili asubuhi, amesema tungoje pakauke nimekataa. Yule mzee wa msumari nakwenda naye. Mpimaji naomba nikuinbox ile namba ya kiwanja nikishaipata.