TSP Curl P1-R haipatikani tena: mkataji achukue raba gani?

Mkataji_Pwani

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mchezaji wa tenisi ya meza wa kujihami, yaani mkataji: narudisha mipira kwa kuikata na raketi inayoshuka, nikiwa mbali na meza. Ubao ni Donic Defplay Senso, fohendi (upande wa kiganja) raba laini, isiyo na vipele kwa nje, nyeusi yenye sponji ya 1.8, bekhendi (upande wa pili) TSP Curl P1-R, raba ya vipele virefu, nyekundu yenye sponji ya milimita 1. Vipele vya katikati vimeanza kung'oka, na nikitafuta nyingine naona jina la TSP limeshaondolewa madukani.

Nilizoziona hadi sasa: kipande kimoja cha P1-R kutoka stoo ya zamani, Butterfly Feint Long III, na Dawei 388D-1 kwa bei ya chini kabisa. Klabuni kuna wanaosisitiza nichukue Tibhar Grass D.TecS kwa sababu "inasumbua sana". Mimi nataka kukata luupu nzito (mipira ya kushambulia yenye mzunguko mwingi wa kwenda mbele) nikiwa mita mbili au tatu nyuma ya meza, mpira urudi chini na uangukie karibu na mstari wa mwisho. Na raketi ipite ukaguzi. Nianzie wapi?

FundiRaketi

Karibu mkuu. Kabla ya kuhangaika na raba za kampuni nyingine, tafuta Victas Curl P1V. TSP na Victas ni chapa za kampuni moja ya Japani. Waliamua kubaki na jina la Victas, na baadhi ya raba za TSP zikaendelea kuuzwa kwa jina jipya. P1V ndiyo mrithi wa P1-R. Hilo ndilo swali la kwanza kwa kifaa chochote kilichopotea: kimeacha kutengenezwa kweli, au kimebadilishwa jina? Hata ubao wa Timo Boll Spirit watu waliulilia hivyohivyo wakati Timo Boll ALC ilikuwa imeshachukua nafasi yake.

Hicho kipande cha stoo usikikimbilie. ITTF, shirikisho la kimataifa la tenisi ya meza, ina orodha ya raba zilizoidhinishwa, iko wazi kwenye tovuti yao, na raba inatambuliwa kwa chapa na jina lililochapwa pale karibu na mpini. Chapa ikishaondolewa kwenye orodha, mwamuzi anayefuata kanuni ataikataa hata kama raba ni mpya kabisa ndani ya pakiti. Fungua orodha inayotumika sasa, tafuta jina lilivyo herufi kwa herufi, kisha ndipo utoe hela.

Jambo la pili ni umri. Raba huzeeka hata bila kuchezewa, na kwenye vipele virefu uzee huanzia shinani. Ikunje taratibu juu ya kidole gumba, vipele vikitazama nje, uangalie pale kipele kinapokutana na kitako chake. Ukiona mstari mweupe au ufa mwembamba kama unywele, irudishe. Vipele hivyo vitaanza kukatika mapema, na raba yenye vipele vilivyong'oka mwamuzi ana haki ya kuikataa.

Kocha_Kisauni

Nakubaliana na Fundi kuhusu P1V. Kama haipatikani, hapo ndipo uchaguzi unapokuwa mgumu, na makosa mengi yanatokana na kutojua kipele kinafanya kazi gani.

Luupu inakuja ikizunguka kwenda mbele. Raba laini huushika mpira na kuugeuza mzunguko wake. Vipele virefu hupinda, havina mshiko wa kuugeuza, kwa hiyo mpira unaondoka ukizunguka upande uleule uliokuja nao. Safari imegeuka, mzunguko haukugeuka, na kwa mpinzani hiyo ni spini (mzunguko) ya chini, ya kurudi nyuma. Ndiyo maana akipiga luupu nzito anarudishiwa mpira mzito, na akipiga nyepesi anapata mwepesi. Sponji ikiwa nene mpira unakaa zaidi kwenye raba: unaweza kuongeza spini yako mwenyewe, ila ule urejeshaji wa spini yake unapungua. Raba isiyo na sponji kabisa ni kinyume chake.

Sasa Grass D.TecS. Ni raba nzuri kwa anayebloki karibu na meza, tena bila sponji. Kwa mkataji wa mita tatu nyuma ni ngumu kuitawala: inarudisha spini nyingi, lakini mkono ukichelewa kidogo mpira unaelea juu au unapitiliza meza. Kumsumbua mpinzani kuna faida gani kama mpira hauangukii mezani?

Feint Long III ndiyo ningeiweka ya pili baada ya P1V. Ni laini (si ngumu), inasamehe pembe mbaya ya raketi, na inakuruhusu kuongeza spini kwa kifundo cha mkono. Utakachopoteza ni ukali: tofauti kati ya mpira mzito na mkavu (usio na spini) inakuwa ndogo kuliko uliyoizoea, kwa hiyo itabidi uitengeneze kwa mkono. Dawei 388D-1 si raba ya kudharau, wakataji wengi huitumia, na bei yake inakuruhusu kubadilisha mapema vipele vikichoka. Tahadhari yangu ni moja: ichukue yenye sponji nyembamba iliyo karibu na ile yako ya 1.0. Ukibadilisha raba na unene kwa mpigo mmoja hutajua kipi kimeharibu mchezo.

Ubao usiuguse.

SpiniTupu

Kocha, kwa Feint Long III mimi naona umeipendelea kidogo. Aliyezoea P1-R ana tabia ya kuiachia raba ifanye kazi: anashuka na mkono mrefu, raketi ikiwa karibu wima. Kwenye Feint Long III mkono huohuo utatoa mpira mwepesi na wa juu. Inabidi alaze raketi zaidi na kukata kwa kasi. Kwa mwenye mashindano karibuni, hiyo ni kazi kubwa.

Na usihukumu raba kwa hisia, Mkataji. Chagua mtu mmoja akupigie mipira ya aina tatu, kila aina kwa mafungu ya kumikumi: luupu nzito ya polepole, mpira wa kasi wenye spini kidogo, na mpira wa kusukuma wenye spini ya chini. Weka ukanda wa karatasi sentimita 30 kutoka mstari wa mwisho wa upande wake, uhesabu mipira inayoanguka nyuma ya ukanda. Mwambie naye aseme ni mingapi iliingia wavuni alipojaribu kuipiga tena luupu, maana uzito wa spini unaonekana kwake kuliko kwako.

Fungu la tatu watu hulisahau. Ukisukuma mpira wa spini ya chini kwa vipele virefu, unatoka mkavu au na spini kidogo ya juu, na hapo ndipo mpinzani anapomalizia pointi. Raba inayokata vizuri halafu ikainua mpira kwenye kusukuma itakugharimu mechi.

Mkataji_Pwani

Ahsanteni sana wakubwa. P1V nimeipata kwa muuzaji wa nje, ila nyekundu ya 1.0 imeisha, kuna nyeusi tu. Na kuhusu gundi, hapa kwetu inayopatikana haraka ni ya mafundi viatu. Itafaa?

FundiRaketi

Nyeusi unaweza kuichukua, ila fohendi yako haitaweza kubaki nyeusi. Kanuni inataka upande mmoja uwe mweusi na wa pili uwe rangi angavu inayotofautiana na nyeusi na rangi ya mpira. Tangu Oktoba 2021, mbali na nyekundu, zinaruhusiwa pia pinki, zambarau, kijani na buluu. Piga hesabu: kununua raba mbili, au kusubiri nyekundu.

Gundi ya viatu achana nayo kabisa. Ina viyeyusho, na gundi zenye viyeyusho ITTF ilizipiga marufuku tangu 2008. Tena zinaivimbisha sponji, na siku ya kubandua sponji inachanika ikabaki kwenye ubao. Tumia gundi ya maji iliyotengenezwa kwa ajili ya raketi.

Kabla ya kuagiza, pima kichwa cha ubao kwa rula, urefu na upana. Mbao za kujihami zina vichwa vikubwa, na baadhi ya raba huja ndogo kiasi cha kuacha ukingo wazi. Kanuni haikubali upungufu mkubwa: kadiria milimita 2 kuwa mwisho.

Ukiipata, safisha ubao, ondoa mabaki ya gundi kwa kuyasugua na kidole. Paka safu moja nyembamba kwenye ubao na moja kwenye sponji, uache hadi weupe wa gundi uishe wote na ibaki ya uwazi. Kwenye unyevu wa pwani dakika 15 huenda zisitoshe, na ukiwahisha utapata mapovu katikati. Anza kulaza raba upande wa mpini, chapa ikionekana, halafu izungushie chupa laini ya kioo kwa uzito wake tu. Usiivute wala kuikandamiza. Raba ikivutwa vipele vinaachana nafasi, nayo itakuwa inarudisha spini tofauti na uliyoinunua. Iweke chini ya vitabu usiku mmoja, kisha kata kwa wembe mpya wa kisu cha karatasi, ubao ukiwa juu na vipele chini.

Kocha_Kisauni

Naongezea: pima raketi nzima kwenye mizani ya jikoni kabla ya kubandua ile ya zamani na baada ya kubandika mpya. Ikizidi gramu tano au zaidi, kata zako zitachelewa na utailaumu raba bure. Na hiyo P1-R ya zamani ibandue polepole kuanzia kona, uihifadhi. Utaihitaji kulinganisha mafungu ya SpiniTupu.

Mkataji_Pwani

Nasubiri nyekundu basi. Nikiibandika nitaweka hapa hesabu za mafungu yote matatu.