Fundi kanikatia fenda za nyuma kwa grainda, na matairi bado yanakwaruza!

Wadau, nina hasira hata chai ya asubuhi haijashuka. Subaru Forester yangu ya SG5 (toleo la pili), ambayo tangu niinunue bodi haijawahi kuguswa na nyundo, leo fenda zake za nyuma zimetafunwa kama gunia lililoingiliwa na panya. Na nimelipa! Laki tatu na nusu, taslimu.

Kosa la kwanza ni langu, nalikubali kabla hamjanirukia. Nilinunua soko la vipuri la Kisekka, Kampala, rimu za inchi 17, upana 8J (yaani inchi 8), zimeandikwa ET35 (milimita kutoka katikati ya rimu hadi linapofungwa kwenye habu; namba ikipungua, gurudumu linatoka nje), nikazivisha matairi ya 225/60 (upana kwa milimita, na kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana huo). Zilizokuja na gari ni inchi 16, 6.5J, ET48, tairi 215/60. Muuzaji akaniambia, "Nati tano zimeingia ssebo, unataka nini tena?" Nati ziliingia kweli. Hesabu nimekuja kuipiga maji yameshamwagika: tairi limepanda kutoka kipenyo cha milimita 664 hadi 702, na ukingo wa nje wa rimu umesogea nje milimita 32. Zaidi ya sentimita tatu! Hapo lisikwaruze lina miujiza?

Haya, nikaenda gereji moja Ndeeba, hapo hapo Kampala, jina naliacha. Nilimwambia fundi neno moja tu: akunje ule mdomo wa ndani wa fenda. Kazi hiyo nimeiona ikifanywa na mtu anayeijua. Gurudumu linatolewa, kifaa chenye kigurudumu kidogo kinafungwa kwenye habu, rangi inapashwa moto kwa hewa ya joto mpaka ilainike, kisha mdomo unalazwa polepole, mara nyingi, kila mara kidogo. Huyu wangu alichukua bomba la maji, akalichomeka kati ya tairi na fenda, vijana wawili wakawa wanasukuma gari mbele na nyuma. Bati baridi vile vile. Rangi ikapasuka kama tope la kiangazi.

Nikasema sawa, rangi nitapaka. Nikavuka barabara kula rolex (chapati ya mayai). Kurudi, naona cheche.

Sasa hapa ndipo ninapotaka mnielewe, maana kuna watu wananiambia "fenda si fenda tu, badilisha." Fenda ya mbele imefungwa kwa bolti, ikiharibika unapata nyingine ya mtumba, unafunga, maisha yanaendelea. Ya nyuma ni sehemu ya bodi yenyewe. Ule mdomo ni mahali ambapo bati la nje na bati la ndani yamekutanishwa na kuchomelewa nukta nukta. Ukiukata umetenganisha mabati mawili, na katikati kuna uwazi unaokwenda moja kwa moja ndani ya ubavu wa gari. Maji ya mvua, matope, vumbi la murram, vyote vinaingia humo na kukaa. Kutu inaanzia mahali usipopaona. Yeye akapaka puti juu, akaniambia, "Bosi, imekwisha." Puti! Puti inashika nini pale?

Jumamosi nikapakia familia, watu watano na gunia la mahindi, safari ya Busia. Kabla ya Mukono kimya. Mama mkwe akasifu hata viti. Tulipofika matuta ya mbele, kila tuta mkwaruzo, na harufu ya mpira kuungua. Namawojjolo nikasimama, wenzangu wananunua kuku, mimi nimepiga magoti nyuma ya gari kama naswali: bega la tairi limechanwa na ncha ya bati aliyoiacha grainda. Yaani kabla ya kukata lilikuwa linasuguliwa, sasa linakatwa kwa kisu. Likipasuka pale msitu wa Mabira na malori yale, nani angewaeleza watu?

Fundi hakulijaribu gari likiwa na mzigo. Gari tupu kwenye saruji tambarare halikwaruzi. Ungepaka chaki ukingo wa fenda, upakie watu, upandishe gurudumu moja juu ya jiwe, ungeona chaki imefutika wapi. Hata mbele, ambako hakugusa, nikikata usukani hadi mwisho tairi linasugua plastiki ya ndani, na hilo huwezi kuliponya kwa kukunja fenda hata ukikunja mpaka Krismasi.

Nimempigia jana. Anasema nirudi aongeze kukata "kidogo tu", na nije na elfu themanini za rangi.

Rimu za zamani nimezirudisha, mkwaruzo umekwisha siku hiyo hiyo, bure. Mashimo ndiyo yamebaki. Anayemjua fundi wa kuchomelea bati jembamba la bodi, kuanzia Jinja mpaka Busia, aniandikie hapa kabla mvua hazijaanza. Msinitumie wa mageti tafadhali.