Ushauri: Mrushaji mkongwe timu ikichapwa mfululizo, ni wa kubakishwa au wa kuuzwa?

Besi ya Tatu (mwanzisha uzi)

Habari za humu wakuu. Naomba mnisaidie kumaliza ubishi. Wapenzi wa besiboli kwenye kundi letu bado tunavutana kuhusu mrushaji Justin Verlander na msimu wake wa 2025 pale San Francisco Giants. Alisajiliwa kwa mwaka mmoja kwa dola milioni 15, akatimiza miaka 42 kabla msimu haujaanza. Mechi 16 za kwanza alizoanza hakupata ushindi hata mmoja, akaandikiwa vipigo 8. Mwezi wa saba timu ikapoteza sita mfululizo, na nusu ya kundi wanasema hapo ndipo alipotakiwa kuuzwa. Alimaliza 4 kwa 11 (ushindi 4, vipigo 11). Nusu nyingine wanajibu kwamba ERA (wastani wa mikimbio halali anayoruhusu kwa kila vipindi 9, ikiwa ndogo ndiyo nzuri) ya 3.85 ndani ya vipindi 152 si ya mtu wa kutupwa.

Sitaki ushabiki. Nataka kujua niangalie namba zipi, na nianze na ipi, nikitaka kupima thamani ya mkongwe wakati timu inachapwa kila siku. Mechi za usiku za San Francisco huku kwetu Afrika Mashariki ni alfajiri, kwa hiyo wengi tunategemea jedwali la matokeo.

Mzee wa Takwimu

Mkuu, anza kwa kuifuta hiyo 4 kwa 11. Mrushaji wa kuanza hapewi ushindi mpaka amalize vipindi 5, aondoke timu yake ikiongoza, na uongozi huo usipotee hadi mwisho. La kwanza tu ndilo analolimudu mwenyewe. Mengine yako kwa wapigaji wake na kwa wapokezi (warushaji wa akiba) wanaoingia baada yake, na timu iliyo kwenye mfululizo wa vipigo kwa kawaida ina tatizo hukohuko.

Mifano ipo. Mwaka 1987 Nolan Ryan, miaka 40, alimaliza 8 kwa 16 akiwa Houston Astros, na mwaka huohuo aliongoza Ligi ya Taifa kwa ERA (2.76) na kwa straikauti, yaani wapigaji aliowatoa kwa straiki tatu (270). Félix Hernández alipewa Cy Young (tuzo ya mrushaji bora wa ligi) ya 2010 akiwa 13 kwa 12, Seattle ikiwa imepoteza mechi 101. Jacob deGrom 2018: 10 kwa 9, ERA 1.70, Cy Young.

ERA nayo usiiamini kwa mwezi mmoja, maana ndani yake kuna walinzi na bahati. Piga FIP, inayohesabu tu yale ambayo mlinzi hagusi. Chukua mfano wa mechi tano: vipindi 30, straikauti 28, besi za bure (mpigaji anapewa besi kwa mipira minne mibaya) 10, aliyegongwa na mpira 1, homurani (mpira uliopigwa hadi nje ya uwanja) 3, mikimbio halali (isiyotokana na makosa ya walinzi) 17. ERA ni 17 × 9 ÷ 30 = 5.10, mbaya sana. Sasa homurani 3 × 13 = 39. Besi za bure na aliyegongwa, 11 × 3 = 33. Jumla 72. Toa straikauti 28 × 2 = 56, inabaki 16. Gawa kwa vipindi 30 unapata 0.53, kisha ongeza namba ya ligi, ambayo huzunguka 3.10 (hubadilika kidogo kila mwaka). Jibu 3.63.

Pengo la 5.10 na 3.63 lazima ulitafutie chanzo. Tuseme alipigwa hiti 38 (mipira iliyompa mpigaji besi). Toa homurani, zinabaki 35. Auti ni 90 (tatu kila kipindi), toa straikauti 28, zinabaki 62 zilizopatikana kwa mpira uliochezwa. Sehemu ya mipira iliyochezwa iliyogeuka hiti ni 35 ÷ (35 + 62) = 0.361, wakati kawaida ya ligi ni karibu 0.290 hadi 0.300. Ni hesabu ya haraka, haijali auti mbili kwa mpira mmoja, lakini inatosha kukuonyesha kwamba mipira inapita katikati ya walinzi kuliko kawaida.

Glavu ya Kushoto

Namheshimu Mzee, ila kwa mkongwe hesabu hiyo inaweza kukupoteza. FIP inasema yaliyokwisha kutokea, haisemi kama mkono unaisha. Kijana wa miaka 24 akiharibu mwezi mmoja unamvumilia. Wa miaka 40 unaangalia mkono kwanza, hesabu baadaye.

Ingia tovuti ya takwimu ya Baseball Savant, ni bure. Tafuta kasi ya mpira wake wa moja kwa moja (fastball), mechi kwa mechi, na ulinganishe na mwezi uleule wa mwaka uliopita. Usilinganishe na mwezi wa nne, kwa sababu baridi hushusha kasi ya kila mtu. Kushuka maili 1 mechi moja si kitu. Kushuka maili 2 mechi tatu mfululizo, hapo kuna jambo. Halafu tazama kasi ya kipindi cha kwanza na cha tano ndani ya mechi moja. Verlander 2025 alikuwa karibu na maili 94 kwa saa, ambayo kwa umri wake ni nguvu ya kweli.

Baada ya kasi, angalia asilimia ya mipira ambayo wapigaji wanaizungushia gongo na kuikosa, kisha mahali mkono unapoachia mpira. Mkono ukishuka taratibu kila mechi, bega au kiwiko kinajificha. Dalili nyingine utaiona hata kwenye jedwali: mipira 95 kwa vipindi 4. Maana yake anafika straiki mbili lakini hana mpira wa kumaliza kazi, mpigaji anaendelea kuukwangua nje ya mstari.

Na tenganisha kabla na baada ya jeraha. Verlander alikaa kwenye orodha ya majeruhi kwa msuli wa kifua kuanzia mwezi wa tano hadi wa sita. Ukichanganya vyote kwenye wastani mmoja hutaona lolote.

Mama Homurani

Jamani, mnamhesabu kana kwamba anacheza peke yake. Timu ikichapwa mfululizo, kinachokufa kwanza ni kikosi cha wapokezi. Kila mrushaji wa kuanza akitoka baada ya vipindi 4, kwa siku tano wapokezi wanabeba vipindi 25. Orodha ni ya wachezaji 26, na warushaji hawazidi 13. Ondoa watano wa kuanza, unabaki na wanane, na aliyerusha siku mbili mfululizo kwa kawaida hupumzishwa ya tatu. Mkongwe anayefika kipindi cha 6, hata akiruhusu mikimbio 4 na timu ikafungwa, amekuokolea mechi ya kesho. Hilo hulioni kwenye ERA yake.

Kocha naye lazima ajue pa kumtoa. Mara ya tatu kukutana na mpigaji yuleyule ndipo mrushaji huumia zaidi. Vipindi vitano safi na cha sita kikaharibika si lazima awe amechoka, pengine aliachwa wapigaji tisa zaidi ya inavyofaa.

Na msiseme tu "apelekwe ligi ndogo". Mwenye miaka 5 ya utumishi ligi kuu hapelekwi bila ridhaa yake.

Besi ya Tatu

Asanteni sana. Kwa hiyo Giants walikuwa sahihi kumbakisha?

Glavu ya Kushoto

Mimi nasema hapana. Tarehe 23 Julai alirusha vipindi 5 pale Atlanta bila kuruhusu mkimbio, wakashinda 9 kwa 3, mfululizo wa vipigo sita ukavunjika naye akapata ushindi wake wa kwanza. Hapo ndipo bei yake ilikuwa juu. Waliporudi nyumbani wakachapwa tena na Mets na Pirates. Tarehe 30 na 31 waliwauza wapokezi Tyler Rogers kwa Mets na Camilo Doval kwa Yankees, pamoja na Mike Yastrzemski kwa Royals. Kama umeshakubali kuuza, uza na mwenye mkataba unaoisha.

Mzee wa Takwimu

Ungepata nini, mkuu? Mkataba unaoisha unamuuzia mnunuzi miezi miwili tu. Linganisha na mrushaji Erick Fedde: White Sox walimuuza mwishoni mwa Julai 2024 katikati ya vipigo 21 mfululizo, lakini yeye alikuwa na mkataba hadi 2025, ndiyo maana kijana Miguel Vargas alikuwemo kwenye malipo waliyopata. Verlander baada ya ushindi ule alienda 3 kwa 3, na Giants wakamaliza 81 kwa 81. Bila vipindi vyake wangewapa wapokezi waliobaki, baada ya kuwauza wawili bora.

Mama Homurani

Besi ya Tatu, mkibishana tena kuhusu kumuuza mtu, pigeni kwanza hesabu ya mshahara uliobaki. Msimu wa Giants ulikuwa na siku 186, na kuanzia Agosti 1 zilibaki 59. 15 × 59 ÷ 186 ni karibu dola milioni 4.8. Mnunuzi akizibeba zote atatoa kijana wa kawaida tu. Muuzaji akikubali kulipa sehemu kubwa ndipo anaweza kudai kijana wa maana. Pia angalia kama ana haki ya kukataa: miaka 10 ya utumishi, mitano ya mwisho timu hiyohiyo, hauzwi bila kukubali. Verlander alikuwa mwaka wa kwanza San Francisco, kwa hiyo kwake kanuni hiyo haikuwa kizuizi.